Mzee wa dukani amekataa kunipokelea mizigo ya mtandaoni. Ana haki?

Shangazi, shikamoo.

Nimeolewa, nina watoto wawili, na tunakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lenye duka chini. Mwenye duka ni mzee mmoja aliyekuwapo mtaani hapa kabla hata jengo halijajengwa. Nyumba za zamani zilipovunjwa na maghorofa yakaanza kuota, mwenye kiwanja alimpangisha chumba cha mbele, akaendelea kuuza vitu vyake: sabuni, balbu, betri, dawa ya meno, madaftari ya shule. Wote tunamwita Mzee tu.

Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Muda wa kuzunguka madukani sina, kwa hiyo karibu kila kitu nanunua kwa simu. Nguo za watoto, viatu, vyombo, hata sabuni ya kufulia naagiza katoni nzima maana bei yake ni nafuu. Shida ni kwamba vijana wanaoleta mizigo huja mchana. Simu inaita: "Dada, mzigo wako umefika, niko hapa chini." Na mimi niko kikaoni. Siku moja nikamwambia kijana, mwachie Mzee wa dukani. Mzee akapokea. Basi ikawa hivyo, na haukupita muda jengo zima likaiga. Wengine wakaandika kabisa jina la duka kwenye anwani zao.

Mzee hakuwahi kulalamika, Shangazi. Jioni ukipita anainama chini ya kaunta anavuta boksi lako, ameshaliandika namba ya ghorofa kwa kalamu ya wino mzito ili asichanganye. Yale makubwa aliyapanga kwenye kile kinjia kati ya rafu na ukuta, mpaka ikawa kwenda rafu ya nyuma lazima apite kiubavu. Katoni za bidhaa zake mwenyewe akazitoa kibarazani na kuzifunika turubai.

Sasa jirani yetu wa ghorofa ya tano aliagiza simu ya bei kubwa. Haikuonekana. Kampuni inasema imepokelewa dukani na saini ipo. Mzee anasema siku ile aliletewa maboksi mengi kwa mpigo, akaambiwa asaini mara moja kwa kidole kwenye kioo cha simu ya kijana, akasaini. Boksi la simu hakuliona. Jirani akaja juu. Akasema mbele ya wateja kwamba Mzee ama ni mwizi ama ni mzembe, achague mwenyewe, na vyovyote vile atalipa. Kesho yake tukakuta kipande cha katoni kimening'inia juu ya kaunta: HATUPOKEI MIZIGO ISIYONUNULIWA HAPA. TUSIULIZANE.

Tangu hapo mizigo yangu inarudishwa ghalani. Viatu vya shule vya mwanangu wa kwanza vimekuja na kurudi mpaka kampuni ikafuta oda. Nilishuka nikamwambia, "Mzee, mimi si yule jirani. Mimi na wewe hatujawahi kukoseana." Akanijibu kwa upole, macho yake yakiwa kwenye daftari lake la madeni: "Mwanangu, hapa ni duka." Nikapanda ngazi sijui nimefukuzwa au nimeelimishwa.

Ndani ya nyumba ndiyo kuna moto. Mume wangu anasema biashara ni biashara, duka la Mzee ni ghali, hatuna mkataba wa kumlisha, na kama hataki kutusaidia basi hata balbu tusinunue kwake. Mama mkwe anaishi nasi. Miguu inamsumbua, mambo ya kuagiza kwa simu hayajui, na mchana kutwa mahali pake ni kile kigoda nje ya duka. Yeye anasema tumemwaibisha, tumemfanya mzee wa watu bawabu wetu asiye na mshahara. Tangu ugomvi utokee anawatuma watoto wanunue kila kitu kwa Mzee kwa pesa ya matumizi ya nyumba, na pale fedha inapoisha anaandikisha deni kwa jina la mume wangu. Mume wangu aligundua deni hilo alipokwenda kununua wembe. Unaweza kufikiria jioni yetu ilivyokuwa.

Kuna jambo jingine. Mtaa wa pili, lile duka kubwa lililokuwa la fanicha limebandikwa karatasi vioo vyote. Ndani kuna rafu tupu za chuma na vijana wanaotoka na pikipiki kila saa, wanapeleka bidhaa za nyumbani kwa dakika chache tu. Tangu waje, maduka mawili ya mtaa wetu yamefunga. Watu wanasema Mzee ndiye anayefuata.

Naomba uniambie ukweli. Je, ni haki Mzee kukataa kitu alichokifanya muda wote huo bila kinyongo? Je, nalazimika kununua kwake kwa bei ya juu kwa kumwonea huruma? Na mizigo yangu niipateje?

Ni mimi, Mama wa Ghorofa ya Tatu


Marahaba, mwanangu.

Swali la kwanza ni jepesi. Ana haki, tena kinachonishangaza ni kwamba alichelewa. Umeandika mwenyewe kwamba anapita kiubavu ndani ya duka lake na bidhaa zake zinalala kibarazani chini ya turubai. Ukaandika pia kwamba hakulalamika, kana kwamba hilo ni jibu. Mtu anayeuza kwa majirani hana nafasi kubwa ya kulalamika mbele yao. Anaogopa kumkera mteja, basi ananyamaza, na ukimya wake nyinyi mkauhesabu kuwa ridhaa.

Hebu tuangalie alikuwa anawafanyia nini hasa, maana nadhani hata yeye hakuwahi kupiga hesabu. Mzigo unaposafiri kutoka ghalani hadi kwako, kipande cha mwisho ndicho kinachokula fedha kuliko vyote. Lori likitoka ghala kwenda ghala limebeba maelfu ya vifurushi, gharama inagawanyika. Ukishaingia mtaani ni kimoja kimoja: kijana aegeshe, apige simu, asubiri, apande ngazi, akukose, arudi tena kesho na mafuta mengine. Makampuni yote ya kusafirisha vifurushi duniani yanaumwa kichwa na mlango uliofungwa. Sasa mkampa kijana yule mlango usiofungwa kuanzia asubuhi hadi usiku, na mtu mzima ndani yake anayepokea mizigo ya jengo zima kwa dakika mbili. Kampuni ikaokoa fedha. Wewe ukaokoa siku ya kazi. Mzee akapata kile kinjia cha kupita kiubavu, na mwishoni akapata jina la mwizi.

Kazi hiyo ina malipo yake kwa wenzetu. Kampuni ya Yamato ya Japani ilipoanza kupeleka vifurushi majumbani mwaka 1976, siku ya kwanza ilipata vifurushi 11 tu. Baadaye ilienea nchi nzima, na mojawapo ya njia ilizotumia ni hayo hayo maduka madogo ya mitaani, ya mchele na ya vinywaji, kuwa mawakala wa vifurushi. Mwenye duka alipata kamisheni kwa kila mzigo. Ufaransa nako maduka ya mitaani yanapokea vifurushi vya watu na kulipwa kwa kila kimoja. Si fedha nyingi, lakini anayekuja kuchukua boksi mara nyingi anaondoka na kitu kingine mkononi. Ujerumani, shirika la DHL lilianza mwaka 2001 kuweka makabati ya chuma ambamo mtu anafungua mlango wake kwa namba ya siri na kuchukua mzigo wake saa yoyote. Kabati limenunuliwa, limefungwa, linatunzwa. Kwenu mlipata kabati la bure lenye miguu miwili na subira.

Usinielewe vibaya. Si kwamba mwenye duka hapaswi kumpokelea jirani kitu. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji aliyekuwa akiishi New York, aliandika habari za mwenye duka mmoja wa mtaani kwake ambaye katika asubuhi moja tu ya kawaida aliwavusha watoto barabara, akamwazima mteja mwavuli na mwingine dola, akatunza funguo za watu na kuwapokelea vifurushi majirani wa jengo la pili ambao hawakuwapo. Ndivyo mtaa unavyoishi. Lakini vile vilikuwa vifurushi vya hapa na pale, vya watu ambao kesho yake wangeingia dukani kununua. Mzee wenu alikuwa anahifadhi katoni za sabuni ulizonunua kwingine, chini ya kaunta anayouzia sabuni. Mwanangu, hebu isome tena sentensi hiyo polepole.

Nije kwenye ile simu iliyopotea, kwa sababu ndiyo iliyovunja kila kitu na nyote mmeielewa vibaya.

Jirani yako wa ghorofa ya tano anadhani Mzee ni sehemu ya kampuni. Siye. Alipoandika jina la duka kwenye anwani yake, yeye mwenyewe ndiye aliyemteua Mzee kuwa mkono wake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya jambo hili limeandikwa wazi kwenye agizo la mwaka 2011 la haki za watumiaji: hasara ya mzigo kupotea ni ya muuzaji mpaka pale mnunuzi, au mtu mwingine aliyetajwa na mnunuzi, atakapoushika. Kwingineko sheria zina maneno yake, na yale masharti marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kuyasoma yana yake pia. Lakini mantiki inafanana: ukimtaja mtu akupokelee, akishapokea ni kama umepokea wewe. Ndiyo maana kampuni inasimama juu ya ile saini.

Hapo sasa ndipo jirani angetumia akili badala ya sauti. Saini moja ya kidole kwa rundo la maboksi haithibitishi kwamba kila boksi lilikuwa ndani ya rundo. Aiandikie kampuni, aombe kumbukumbu ya mzigo ule mmoja: ulisomwa kwa mashine saa ngapi, wapi, na nani, picha iko wapi, uzito wake ulisomekaje ulipotoka ghalani. Makampuni mengi ya kusafirisha huandika kumbukumbu kila mzigo unapobadilisha mikono. Kama alilipa kwa kadi, aiulize na benki yake kuhusu kupinga malipo, na aulize mapema maana mambo hayo yana muda wa mwisho. Simu inaweza kuwa imebaki kwenye pikipiki, imeachwa jengo jingine, au haikutoka ghalani kabisa. Inawezekana pia Mzee aliiweka mahali akasahau, sitakudanganya. Lakini kumwita mtu mwizi mbele ya wateja wake kabla hujaiuliza kampuni swali hata moja ni ufedhuli, na matusi yaliyotolewa hadharani huombewa radhi hadharani. Bila hilo, nyinyi wengine mkishuka na maombi yenu mnapoteza muda.

Sasa bei. Hapa mume wako ana hoja, na sitaki kuipuuza kwa sababu tu ameisema kwa hasira.

Duka la mtaani ni ghali kweli kwa vitu vingi. Mzee ananunua katoni chache kwa muuza jumla, ambaye naye alinunua kwa mwingine. Yule wa mtandaoni anachukua lori zima kutoka kiwandani. Mzee analipa pango la chumba cha mbele. Ghala liko pembeni ya mji ambako ardhi ni rahisi. Mzee anakuuzia sabuni moja, betri mbili, kalamu moja, na kuuza kidogo kidogo kuna gharama yake. Halafu anakopesha bila riba, na katika daftari lake kuna majina ya watu waliohama maghorofa yalipoanza kujengwa. Hasara ya hao imo ndani ya bei unayolipa wewe. Hakuna dhuluma hapo.

Ila na ile bei ya mtandaoni usiiamini kana kwamba ni amri. Baadhi ya unafuu ule unatokana na ukubwa na ujanja wa kazi, na unastahili kudumu. Mwingine unatokana na fedha za wawekezaji wanaokubali kula hasara ili wapate wateja kwanza. Marekani kampuni ya Webvan ilianza kupeleka bidhaa za nyumbani mwaka 1999, ikajenga maghala makubwa ya kisasa, na mwaka 2001 ilikuwa imefilisika. Hawa wa pikipiki na dakika chache nao tumewaona: Getir ya Uturuki iliinunua Gorillas ya Ujerumani mwishoni mwa 2022, na ilipofika 2024 ikatangaza kujiondoa Ulaya na Marekani na kurudi kwao. Waliokuwa wamezoea kubonyeza simu waliamka huduma haipo. Mtaa ambao bado ulikuwa na maduka ulishuka chini kununua. Ule ambao yalikwisha kufa, sijui ulifanya nini.

Kwa hiyo unalazimika kununua kwa Mzee? Hapana. Huruma si mpango wa biashara, na mzee mwenyewe naona ana heshima ya kutosha kutoitaka. Ninachokuambia ni kwamba hujawahi kulinganisha sawasawa. Chukua hiyo katoni ya sabuni. Je, uzito wa kipande kimoja ni ule ule? Gharama ya kuletewa umeijumlisha? Na zile bidhaa ulizoongeza kikapuni ili ufikishe kiwango cha kuletewa bure, ulizihitaji? Halafu swali ambalo naweka dau hujawahi kuliuliza: Mzee anauza katoni nzima kwa bei gani? Watu hununua kwake sabuni moja moja, kisha wanalinganisha bei hiyo na bei ya katoni ya mtandaoni, wanatikisa kichwa. Muulize. Mwambie unahitaji katoni kila mwisho wa mwezi, unalipa taslimu. Mwenye duka anayejua kuna mteja wa uhakika naye humwendea muuza jumla na sauti tofauti. Pengine bado atashindwa bei, basi endelea kuagiza. Ila utakuwa umeuliza.

Viatu na nguo ni hadithi nyingine. Hivyo Mzee hauzi, na hakuna unachomnyima ukiagiza. Sioni kwa nini mama mkwe achanganye viatu vya shule na heshima ya mzee wa watu.

Kuhusu mama mkwe wako, nina la kusema, na lisomwe kwa upole. Aliloliona ni kweli. Neno lake la bawabu asiye na mshahara ni sahihi kuliko yote yaliyosemwa nyumbani humo. Lakini kukopa kwa jina la mtu bila kumwambia ni makosa, hata kama mtu huyo ni mwanao na deni ni la dawa ya meno. Kaeni wote watatu mpange fungu la dukani kila mwezi, liwe mikononi mwake, alitumie kwa Mzee apendavyo, likiisha limeisha. Deni lililopo mume wako alilipe lote kwa mkupuo, tena alipeleke mwenyewe. Na yeye ajue kitu kimoja: kile kigoda anachokalia mama yake mchana kutwa, pale ambapo kuna mtu wa kumsemesha na kumpa maji akiishiwa nguvu, hakuna kampuni inayokileta mlangoni. Duka likifungwa atakaa ndani peke yake hadi mrudi usiku. Hilo nalo lina gharama, na ataanza kuiona siku atakapotafuta mtu wa kukaa naye.

Lile jengo lenye karatasi kwenye vioo linanisumbua kuliko bei. Duka likigeuzwa ghala, barabara inapoteza mlango, taa na jicho la mtu, na mnabaki na milio ya pikipiki. Miji mingine haikukaa kimya. Amsterdam na Rotterdam zilisimamisha ufunguzi wa maghala mapya ya aina hiyo mapema mwaka 2022. Ufaransa, mwezi Machi 2023, Baraza la Taifa, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, liliamua kesi ya Paris kwa kusema sehemu kama hizo ni maghala na si maduka, hivyo jiji lina haki ya kuwadai wafuate taratibu za ghala. Nyinyi wakazi mnaweza kwenda ofisi ya mipango miji mkauliza swali moja la kistaarabu: jengo lile limeruhusiwa kutumika kama nini? Likiwa duka, mbona hakuna anayeruhusiwa kuingia? Swali lenyewe likiandikwa na watu wengi huwa linapata jibu.

Haya, mizigo yako.

Usirudi kwa Mzee na ombi lile lile. "Hapa ni duka" ni jibu kamili, na hakulitoa kwa bahati mbaya. Mkitaka kumrudia, mrudini kama wateja wenye pendekezo la biashara, baada ya jirani kuomba radhi na deni lenu kulipwa. Nendeni wawili au watatu, saa ambayo hana wateja. Pendekezo lenyewe liwe na malipo kwa kila boksi, na kiwango akitaje yeye. Boksi lisizidi ukubwa wa kuingia chini ya kaunta. Simu, vito na vitu vya thamani visipite kwake hata kwa dawa. Kila mzigo uandikwe daftarini mbele ya kijana aliyeuleta, mmoja mmoja; saini ya rundo iwe mwiko. Asiyechukua mzigo wake ndani ya siku mbili, unarudishwa na ada analipa. Na iwepo saa: akisema anapokea mchana tu, ni mchana tu. Kisha iandikieni kampuni, jengo zima kwa pamoja, imsajili kuwa wakala wake na imlipe yenyewe. Kampuni inayofanya kazi mtaani kwenu inaokoa safari nyingi kwa mkono wa Mzee. Msiogope kuitaja hesabu hiyo kwenye barua.

Kuna pia mlango ambao huenda yeye mwenyewe anautaka. Kupeleka bidhaa hadi nyumbani hakukuzaliwa na intaneti. Kabla Clarence Saunders hajafungua Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mwaka 1916, mojawapo ya maduka ya kwanza kuwafanya wateja wajichukulie vitu rafuni, kawaida ilikuwa usimame kaunta, muuzaji akuletee ulichotaja, na maduka mengi yalikuwa na kijana wa kufikisha vitu mlangoni kwa mteja. Kujihudumia ndiko kulikokuja baadaye. Mkimwambia Mzee kwamba ghorofa zote zitamtumia orodha kwa ujumbe wa simu asubuhi, na kijana wake atapandisha vitu jioni watu wakisharudi, atakuwa amewashinda wale wa pikipiki kwa kitu kimoja: yeye anajua nani anakaa wapi na saa ngapi anafungua mlango. Kama anataka lakini. Ni mzee, na ana haki ya kuchoka.

Akikataa yote, maisha yanaendelea. Uliza kazini kwako kama mapokezi wanakubali mizigo ya wafanyakazi. Ofisi nyingi hazina neno zikiarifiwa mapema. Tafuta kama kampuni unayotumia ina muda wa jioni au kituo cha kuchukulia mizigo kwenye njia yako ya kurudi. Kusanya manunuzi yako uyaagize kwa siku moja badala ya kuletewa boksi leo, boksi kesho, boksi keshokutwa. Viatu vya shule, kwa kuwa shule haisubiri, chukua mtoto siku ya mapumziko nendeni akavijaribu miguuni. Hapo angalau hutavirudisha kwa sababu ya saizi.